Mzee Barua Atafuta Mbwa

Mzee Barua alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Kiti kilikuwa karibu na dirisha, na mto wake ulikuwa umebonyea katikati kwa kukaliwa. Upande wa pili wa chumba mkewe alikuwa anashona. Cherehani ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Baba, leo umetembea?" mkewe aliuliza bila kuinua macho.

"Nimetembea."

"Umekwenda wapi?"

"Jikoni."

"Na baada ya jikoni?"

"Nimerudi hapa. Huko si kutembea?"

Mkewe alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha nusu nusu. Aliiangalia miguu ya mumewe. Ilikuwa imevimba tena, na alama za soksi zilikuwa zimeingia ndani ya ngozi.

Jina la kuzaliwa la mzee huyu watu walishalisahau. Alikuwa amepeleka barua kwa miaka thelathini na mmoja, mkoba begani, mlango kwa mlango. Watoto wa mtaa walimwita Barua, na wakubwa wakaongeza Mzee. Wakati ule miguu yake haikujua kuchoka. Kisha akastaafu, akakaa kwenye kiti, na kiti kikampenda.

Daktari wa hospitali hakumficha kitu. "Presha yako iko juu, mzee. Moyo wako unataka mazoezi. Tembea kila siku. Usipotembea tutakuwa tunaonana hapa kila mara, na iko siku hutarudi nyumbani." Mkewe alikuwepo, akayasikia yote. Tangu siku hiyo usingizi wake ulipungua.

"Nitembee kwenda wapi?" Mzee Barua aliuliza kila alipohimizwa. "Sina mzigo, sina pa kwenda. Mtu mzima azunguke mtaani mikono mitupu? Watu watasema nimerukwa na akili."

Na si kwamba hakujaribu. Mara tatu alivaa viatu, akafika mpaka getini, akasimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kwenye kiti chake.

Siku moja mteja alikuja kupimwa gauni, akaja na mbwa wake. Alikuwa mbwa wa aina ya spanieli, wa kimo cha kati, manyoya laini, na masikio marefu yaliyoning'inia kama soksi kwenye kamba ya nguo. Mbwa aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akalaza kichwa juu ya kiatu cha Mzee Barua.

Mpeleka barua na mbwa si marafiki, kila mtu anajua. Lakini mkewe aliona kwa macho yake mkono wa mumewe ukishuka polepole, ukamgusa mbwa sikio. Mkono ulikaa pale mpaka gauni likamalizika kupimwa.

Jioni ile mkewe alisema, "Tutafute mbwa kama yule. Mbwa lazima atembezwe. Hapo utakuwa na pa kwenda."

Mzee Barua aliitazama miguu yake. "Mbwa wa kutembezwa," alisema. "Hiyo ni kazi. Kazi naiweza."

Walimwuliza jirani yao wa ukutani, dada mmoja ambaye ni daktari wa mifugo. Alikuwa anaosha buti zake bombani.

"Vizuri sana!" daktari alisema. "Spanieli anawafaa. Ila msimnunue popote tu. Nendeni kwa Mama Manyoya, nyuma ya tangi la maji. Anazalisha hao tu, na anajua anachokifanya. Geti la kijani."

Uso wa Mzee Barua ulibadilika. "Geti la kijani?"

"Hilo hilo."

Mzee Barua alipandisha mguu wa suruali. Chini ya goti palikuwa na kovu refu. "Mbwa wa geti hilo ndiye aliyeniwekea hii. Alirarua suruali na kilichokuwa ndani yake. Niliomba ofisini wanibadilishie njia, na sijakanyaga tena pale."

"Ni lini hiyo?"

"Miaka kumi na minne."

"Mzee wangu, hiyo ni zamani."

"Zamani kwako. Mguu ni wangu."

Kichwa chake kilikuwa kigumu, na mkewe alijua kubishana naye ni kupoteza mate. Basi Mzee Barua akaamua kutafuta mwenyewe. Ukutani kwenye duka la mtaani aliona karatasi: "Watoto wa mbwa, spanieli halisi, bei poa." Akapiga simu.

"Nije nyumbani kwako niwaone?" aliuliza.

"Nyumbani kuna ujenzi, mzee wangu, vumbi tupu," sauti ilijibu. "Tukutane kituo cha mafuta."

Walikutana. Jamaa alifungua buti la gari, akatoa boksi. Ndani mlikuwa na watoto wanne. Watatu walikuwa wanalia, wanapanda ukuta wa boksi, wanang'atana masikio. Wa nne alikaa kwenye kona, kimya, macho nusu yamefumbwa.

Hapo ndipo miaka thelathini na mmoja ilipomponza Mzee Barua. Kwa mpeleka barua, mbwa mzuri ni mbwa aliyenyamaza. Asiyebweka hana neno na wewe. Asiyesogea anakuacha upite. Alimwangalia yule wa kona, moyo ukatulia.

"Huyu ana adabu," alisema. "Mama yake yuko wapi?"

"Yupo, mzima kabisa."

"Na chanjo?"

"Kapata zote. Kadi nitakuletea kesho."

Mzee Barua alimbeba mtoto wa mbwa kifuani mpaka nyumbani. Alimwita Stempu. Mkewe alimtandikia vitambaa vilivyobaki, laini kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Kesho yake kadi haikuja. Stempu hakula. Siku ya pili alitapika. Siku ya tatu alihara, na mkewe aliona damu, akakimbia kumwita jirani.

Daktari alimpapasa Stempu tumbo, akamfungua mdomo, akatazama fizi. "Ni pavo," alisema kwa upole. "Ugonjwa mbaya wa watoto wa mbwa wasiochanjwa. Na huyu hajafikisha hata wiki sita. Alitakiwa awe bado na mama yake." Alimtundikia dripu, akakaa naye mchana kutwa. Mzee Barua alishikilia mfuko wa dripu kwa mkono wake, akakataa kuutundika kwenye msumari.

Siku ya nne asubuhi Stempu alikufa.

Mzee Barua alilia mbele ya watu, bila kujificha. "Nilimchagua mimi," alisema. "Nilimchagua kwa sababu alinyamaza."

Mkewe alimshika bega. Daktari alikaa chini karibu naye.

"Mzee wangu, ugonjwa alikuja nao, siyo wewe uliyemwambukiza. Lakini nikwambie kitu ukikumbuke. Mtoto wa mbwa aliye mzima hana adabu. Anatafuna kamba za viatu, anamkanyaga mwenzake kichwani, akichoka analala kama gogo, akiamka anaanza upya. Wenzake wanacheza na yeye amejikunyata? Huyo anaumwa. Ulidhani ni upole, kumbe hana nguvu."

"Na yule jamaa?"

"Anakuonyesha boksi, hakuonyeshi mama. Anakukutanisha barabarani, hakupeleki nyumbani. Kadi ni ya kesho. Ukiona hayo, geuka uondoke, hata mbwa awe mzuri vipi."

Walimpigia yule jamaa. Simu ilikuwa haipatikani, na haikupatikana tena.

Daktari aliwaambia na la nyumba. Virusi vya pavo hukaa muda mrefu, sakafuni na kwenye udongo. Vitambaa alivyolalia Stempu vichomwe. Sakafu ioshwe kwa maji yenye klorini, tena na tena. Na kwa mwaka mzima asiingie pale mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake zote.

"Basi mambo yameisha," alisema Mzee Barua, na akarudi kwenye kiti.

Wiki tatu zilipita. Miguu ilizidi kuvimba. Asubuhi moja cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Mkewe alisimama mbele ya kiti, utepe wa kupimia shingoni.

"Baba, mimi naogopa," alisema. "Naogopa nitainua macho siku moja nikukute hapo umekaa, na huniitikii. Ninakuomba. Twende geti la kijani."

Katika ndoa yao yote mke huyu hakuwa mtu wa kuomba. Mzee Barua alitafuta viatu vyake. Alikwenda shingo upande, lakini alikwenda.

Walipofika, Mzee Barua, mwenye mabega mapana kama kabati, alijificha nyuma ya mkewe anayemfikia kifuani. Mkewe aligonga. Geti likafunguka.

Mama Manyoya alikuwa mwanamke wa makamo, aproni imejaa nywele za mbwa kila mahali. Ndiyo maana ya jina lake. Alimtazama mke wa Mzee Barua, kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma.

"Hee! Wewe si yule wa posta?"

Kabla hajajibiwa, nyuma yake alitokea mbwa jike wa rangi ya asali. Mzee Barua akasikia kovu likimwasha. Mbwa alimkaribia, akanusa viatu, akanusa suruali, tena mguu ule ule. Halafu akakaa chini, akamtazama, mkia ukifagia vumbi.

"Huyu... ni ukoo wa yule aliyeniuma?" Mzee Barua aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Karibuni ndani kwanza. Hilo nina deni la kulieleza siku nyingi."

Waliketi jikoni. Mama Manyoya hakuzunguka.

"Yule aliyekuuma alikuwa mzuri wa sura kuliko mbwa wote niliowahi kuwa nao. Watu walikuwa wanasubiri watoto wake. Nilipoona damu yako pale getini, nilijua siwezi kumzalisha tena. Hasira ya namna ile watoto huirithi. Wiki ile ile nilimpeleka akafungwa kizazi. Akazeeka hapa hapa, mbali na geti. Nikatafuta jike mwingine, mpole, nikaanza upya. Huyu unayemwona ni mjukuu wa huyo mpole. Nilikuja posta kukuomba radhi, wakaniambia umehamishwa njia."

Mzee Barua aliinama kumtazama mbwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amemnunia mwanamke huyu. Kumbe muda wote huo, ndani ya geti hili, mwanamke alikuwa anarekebisha kosa.

"Kwa hiyo upole wa huyu..."

"Umetokana na mguu wako, mzee wangu. Unisamehe, na asante."

Mbwa wa rangi ya asali alilala, kichwa juu ya kiatu chake. Mzee Barua akapangusa macho kwa kiganja, akasema kuna vumbi. Mkewe hakuona vumbi lolote.

Kisha maswali yakaanza. Nani yuko nyumbani mchana? Uzio una tundu? Nani atamchana manyoya? Mkienda safari mbwa atabaki na nani?

"Samahani mama," alisema Mzee Barua, "mimi nimekuja kununua au nimekuja kwenye mtihani?"

"Mtihani," alijibu Mama Manyoya. "Na wewe una yako ya kuniuliza?"

Alikuwa nayo. Daktari jirani alimwandikia nyuma ya bahasha. Mzee Barua akavaa miwani.

"Mama wa watoto ninaweza kumwona?"

"Amekulalia mguuni. Ana mimba, atazaa mwezi ujao."

"Baba yao?"

"Ni wa mfugaji mwingine. Si ndugu. Nitakupa namba yake uende ukamwone."

"Wamepimwa?"

Mama Manyoya alileta faili. "Spanieli wana matatizo yao. Macho, nyonga, masikio. Mbwa wa aina halisi ana faida moja kubwa: unajua mapema atakuwa na kimo gani na tabia gani. Lakini magonjwa ya ukoo nayo hurithiwa. Ndiyo maana wazazi wote wawili wanapimwa kabla ya kukutanishwa. Soma mwenyewe."

Mzee Barua alisoma kila karatasi, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akisoma bahasha. Alitazama mhuri, tarehe, jina la daktari. Zote zilikuwa sawa.

Mwisho alivua miwani. "Kuna jambo lazima nikwambie," alisema, akamweleza habari za Stempu tangu mwanzo. Hakujitetea.

Mama Manyoya alimsikiliza mpaka mwisho. "Asante kwa kuniambia ukweli. Wengi wangenificha. Kwa kawaida mtoto anaondoka hapa akiwa na wiki nane. Wako atakaa kwangu mpaka amalize chanjo zote na daktari wenu aridhike. Hesabu kama miezi mitano kutoka leo."

"Miezi mitano! Barua ya ng'ambo kwa meli haichukui muda huo!"

"Mfugaji atakayekupa leo hii bila kukuuliza kitu, mwogope. Njoo kila Jumamosi umzoee mama yake. Ila uoge, uvae nguo safi zisizokaa nyumbani kwako, na viatu unaviacha getini."

Mkewe alimshonea suruali maalumu, na akaiweka kwa jirani, imefungwa kwenye mfuko. Kila Jumamosi Mzee Barua aliivaa kule, akatoka. Jumamosi ya kwanza alipumzika njiani mara tatu. Ya nne, mara moja. Watoto walipozaliwa, watano kwa jumla, hakuruhusiwa kuwagusa. Aliwatazama kutoka mlangoni. Akaomba aje na Jumatano pia. Kisha akawa anapita hata siku zisizo zake, anasalimia juu ya geti na kuendelea. Yeye mwenyewe aliona anakwenda kuangalia mbwa. Hakuona kwamba anatembea.

Watoto walilelewa jikoni, si bandani kwa nyuma. Walizoea kelele za vifuniko vya sufuria, redio, fagio, na wageni. Walipofikisha wiki saba Mama Manyoya alimwita Mzee Barua, akamkalisha sakafuni. Macho yake yakaanza kutafuta. Kumbe mazoea hayaishi haraka: macho yakatua kwa yule aliyejitenga pembeni.

"Mzee Barua," Mama Manyoya alimwita.

"Nimesikia, nimesikia. Si huyo."

"Huyo ana aibu, atakwenda kwa mtu mwenye uzoefu. Na yule anayewapanda wenzake ni mbabe, atakuburuta. Sasa tazama." Aliangusha kijiko. Kilipiga sakafu kwa kishindo, watoto wakatawanyika. Mmoja, dume wa kahawia, aliruka nyuma, akasimama, halafu akarudi kukinusa kijiko. Akakinyanyua mdomoni, akamletea Mzee Barua.

"Anashtuka, kisha anarudi," alisema Mama Manyoya. "Huyo anakufaa. Mkague."

Mzee Barua alimkagua kama alivyofundishwa na jirani. Macho maangavu, hayana matongo. Pua haitoi kamasi. Fizi za waridi. Tumbo halijavimba kwa minyoo, chini ya mkia ni pasafi. Anatembea vizuri, hachechemei. Na wakati wote huo mtoto alikuwa anamtafuna kifungo cha shati.

"Hana adabu hata kidogo!" alisema Mzee Barua, na furaha ikamjaa mpaka kooni. "Asante, mama. Hana adabu kabisa!"

Miezi miwili baadaye walikwenda kumchukua. Kulikuwa na kadi ya chanjo iliyojaa, tarehe za dawa ya minyoo, chakula cha wiki moja alichokizoea, na mkataba. Kwenye mkataba palikuwa na sentensi moja iliyomfanya Mzee Barua aisome mara mbili: wakishindwa kumtunza, kwa sababu yoyote na wakati wowote, mbwa arudishwe kwa Mama Manyoya, asiuzwe wala kutupwa.

"Mzigo wenye kutiwa sahihi, kama barua ya rejista," alisema, akaweka sahihi yake. "Basi jina lake ni Rejista."

Rejista alianza kwa matembezi mafupi, kwa sababu mifupa yake ilikuwa michanga. Dakika chache asubuhi, chache jioni. Alivyokua, ndivyo njia ilivyorefuka. Kiti cha dirishani kilipata mto mpya, kwa kuwa sasa mkewe aliweka nguo za wateja hapo. Hospitali walipima presha mara mbili, wakidhani kipimo kimekosea.

"Unafanya nini siku hizi, mzee?" daktari wa hospitali aliuliza.

"Nimerudi kazini," alijibu Mzee Barua.

Jioni ile aliomba karatasi kwa mkewe. Alikuwa amebeba barua za watu maisha yake yote, lakini za kwake mwenyewe zilihesabika kwa vidole. Aliandika polepole:

"Mama Manyoya, salamu. Rejista ni mzima. Ametafuna kiatu kimoja, na nimekisamehe kiatu kwa kukaa karibu naye. Mimi pia ni mzima. Mke wangu analala usingizi. Ninakushukuru kwa sababu siku ile sura ya mbwa hukuithamini kuliko mguu wangu. Na ninakushukuru kwa kunisubirisha. Ningempata siku ile ile ya kwanza, ningekwenda kukaa naye kwenye kiti."

Asubuhi aliitia kwenye bahasha, akabandika na stempu, ingawa haikuhitajika. Stempu hiyo aliibonyeza kwa kidole muda mrefu kidogo. Kisha akafunga mkanda wa Rejista, wakatoka.

Walifika geti la kijani. Mzee Barua aliitumbukiza barua kwenye kisanduku, akaisikia ikianguka ndani. Sauti ile aliijua. Miaka yote ya kazi, akiisikia tu, alikuwa ameshageuka, anaondoka haraka kabla mbwa hajatokea. Safari hii hakugeuka. Alisimama na Rejista pembeni yake, akagonga, akangoja wafunguliwe.